Mfuko wa stoma, kipande kimoja au viwili? Uzoefu wangu, Busia

Stoma ni tundu la choo lililofunguliwa tumboni, na mfuko wake hubandikwa juu yake kupokea choo. Nianze na lile ambalo wauzaji hawakwambii: jina lililoandikwa kwenye boksi halina uzito kama tundu la kibandiko unalolikata mwenyewe kwa mkasi. Nimevaa mifuko iliyotengenezwa Ulaya, nimevaa ya Marekani, nimevaa na ile ya bei nafuu isiyo na maelezo ya lugha yoyote ninayoisoma. Yote imewahi kunivujia na yote imewahi kunikaa vizuri. Kwa hiyo hapa sisifii kampuni. Isitoshe, kwetu Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, mfuko unaoupata mwezi huu si lazima uwe ule utakaoupata mwezi ujao. Mtu akikwambia "nunua huu tu" bila kukwambia utaupata wapi tena, bado hajakusaidia.

Stoma yangu ni ya kudumu. Saratani ilikuwa chini kabisa kwenye puru, karibu na mlango wa haja, mahali ambapo daktari hawezi kukata na kuunga. Ikabidi aondoe puru yote pamoja na njia yenyewe, ashone pale, kisha ncha ya utumbo mpana aitoe nje upande wa kushoto wa tumbo, chini ya kitovu. Choo kinatokea hapo sasa. Hakuna cha kubana wala cha kuzuia. Kikija kimekuja, uwe sokoni, uwe msibani.

Nauza mitumba, nguo za watoto hasa, na nilikuwa nimepita tu arobaini na tano yalipoanza. Damu chooni. Zahanati ya kwanza wakasema bawasiri, wakanipa dawa za kuweka. Ya pili wakasema bawasiri. Nikakonda, nikawa naenda chooni kila saa na hakuna kinachotoka, bado ni bawasiri. Aliyegundua ni daktari mmoja kijana ambaye hakuandika kitu chochote kwanza. Alivaa glavu, akaniambia nilale kwa ubavu, akanipima kwa kidole. Dakika moja. Uvimbe ulikuwa pale pale kidole kinapofika. Mtu mzima anayetokwa damu aombe kipimo hicho kwa mdomo wake, aibu aiache mlangoni. Wanaopima hawana habari na makalio yako.

Yaliyofuata ni Mulago juu, Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambayo ipo pale tangu 1967. Niliogopa mionzi kuliko kisu, maana wengi tunakumbuka 2016 mashine ya zamani ilipokufa na watu wakabaki hawana pa kwenda isipokuwa wenye uwezo wa kuvuka mpaka. Wakati wangu mashine zilikuwepo. Mionzi ilikuwa Jumatatu hadi Ijumaa, zaidi ya mwezi, na vidonge juu yake, nikilala kwa kaka yangu Mukono. Halafu wiki kadhaa za kungoja uvimbe usinyae, ndipo upasuaji. Sehemu hiyo naipita haraka. Wengi wameshaisimulia, na kwangu tabu yenyewe ilianza niliporudi nyumbani na mfuko.

Hospitali niliyopasuliwa siitaji. Madaktari walifanya kazi yao na niko hai. Lakini somo la mfuko nilipewa mara moja, nikiwa bado na dawa za maumivu kichwani, na sista aliyekuwa na wagonjwa wengi wakimwita. Alibandua, akapangusa, akabandika, akasema, "Umeona, mama?" Nikasema nimeona. Kitanda cha pili kulikuwa na bibi kutoka kijijini aliyekuwa na stoma kama yangu, na binti yake hakuwa na pesa ya mifuko. Alikuwa akichukua kavera, mfuko wa plastiki wa dukani, anaikunja mdomo, anaizungushia plasta. Ngozi ya yule bibi ilikuwa imeiva nyekundu. Nilimpa mitatu kati ya yangu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kitu hiki si anasa ya hospitali.

Baadaye nilisoma ilikotokea. Mifuko hii ya kubandika kwa gundi ilibuniwa Denmark mwaka 1954 na muuguzi aliyeitwa Elise Sørensen. Dada yake Thora alikuwa amepasuliwa akawekewa stoma, akawa haendi popote kwa kuogopa kuvujiwa mbele za watu. Mwenye kiwanda cha plastiki, Aage Louis-Hansen, akakubali kuitengeneza, na mwaka 1957 ikazaliwa kampuni ya Coloplast. Mimi nikabaki na kile kipimo cha Thora: mfuko mzuri ni ule unaoniruhusu kutoka nyumbani. Mengine yote ni matangazo.

Sasa mifuko yenyewe.

Wa vipande viwili una kibandiko kinachokaa tumboni na ringi ya plastiki juu yake, na mfuko unaobofya kwenye ringi hiyo mpaka usikie "tak". Uzuri wake ni kwamba kibandiko unaweza kukiacha siku tatu au nne, ukawa unabadilisha mfuko tu. Kwa joto letu la hapa mpakani hilo ni jambo kubwa, kwa sababu kila unapobandua gundi unaondoka na kitu cha ngozi yako. Siku za soko natumia huu. Nikienda nyuma ya kibanda nautoa, navika mwingine, narudi kabla mteja hajamaliza kuchambua fungu.

Ubaya wake ni ringi. Ni ngumu, ina ukingo, na ukiinama inakuchoma kwenye nyama. Wanaokaa kwenye viti siku nzima hawataijua shida hiyo. Sisi tunaofua kwa kuinama, tunaopiga magoti kusalimu wakubwa, tunaosujudu, tunaijua. Pia inaonekana chini ya nguo laini kama mtu ameficha kifuniko cha kopo.

Wa kipande kimoja ni mfuko na gundi vimeungana. Ni mwembamba, unalala bapa, unakunjika na tumbo. Ukiuvaa vizuri unausahau. Lakini ukichafuka au ukivuja unabandua wote, na kama ni siku ya tumbo kuharibika utabandua mpaka ngozi ilie. Chukua wenye mdomo chini wa kufunguliwa na kukunjwa kwa velkro, si ule uliozibwa chini. Uliozibwa ni wa kutupa kila ukijaa, na ni wenye pesa wanaoweza kutupa kila ukijaa. Ile ya klipu nayo iangalie: klipu ikipotea huna mfuko, una bomba. Nimewahi kufunga kwa kibanio cha nguo na kilishika vizuri tu.

Mtihani wenyewe ulikuwa kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, ya binti wa kaka yangu, Mukono. Kaka amekaa huko miaka mingi na mambo yake yote ni ya Kiganda sasa, na mimi ndiye dada yake, kwa hiyo mimi ndiye senga, yaani shangazi wa bibi harusi. Senga hakai nyuma ya turubai. Senga ndiye anayetoka mbele ya watu wote kwenda kumtafuta bwana harusi kati ya wageni, anapiga magoti, anarudi, anapiga tena. Na juu ya yote hayo, gomesi, gauni refu la heshima la wanawake. Wanaolivaa wanajua ule mshipi mpana unavyofungwa kwenye nyonga. Kwangu mimi mshipi unapita juu ya stoma moja kwa moja.

Nilivaa wa kipande kimoja asubuhi ile. Kosa la mshipi ni kwamba unabana kuta za mfuko zikashikana, choo kikitoka hakishuki, kinajikusanya juu kwenye tundu na kuanza kusukuma gundi. Dawa yake nilikuwa nimeshaijua: kabla ya kubandika, pulizia mfuko pumzi kidogo kuta ziachane, halafu dondoshea ndani matone ya mafuta ya mtoto uyasambaze kwa vidole kwa nje. Mafuta yakae ndani ya mfuko, yasiguse gundi wala ngozi. Mshipi niliufunga chini zaidi ya kawaida, na wifi yangu, ambaye hajui kunyamaza, akaniuliza mbele ya wasaidizi, "Senga, leo mshipi wako umeshuka au ni fasheni ya Busia?" Nikamwambia ni fasheni ya Busia. Tulianza saa nne tukamaliza jioni. Sikuvujiwa. Saa nane hivi, wakati msemaji wa upande wetu na wa upande wao wanarushiana mafumbo, tumbo lilipiga kelele ile ya hewa ambayo huwezi kuizuia. Niliweka kiganja juu ya mshipi nikakohoa. Mkandamizo mdogo wa mkono unapunguza sauti zaidi ya nusu, na kikohozi kinafanya iliyobaki.

Nirudi kwenye tundu la kibandiko, maana ndiko pesa na ngozi zinakookolewa. Stoma mpya imevimba. Ndani ya wiki sita hadi nane hivi inasinyaa, na kibandiko ulichokuwa ukikikata kwa kipimo cha wodini kinabaki kikubwa. Ile nafasi ya ngozi iliyo wazi kuzunguka stoma ndiyo inayoguswa na choo, inawaka, inatoa majimaji, gundi haishiki kwenye majimaji, mfuko unavuja, ngozi inazidi kuwaka. Watu wanasema mifuko ni mibovu, au wana aleji. Mara nyingi ni kipimo cha zamani. Tundu linatakiwa lizidi stoma kwa milimita mbili au tatu pande zote, basi.

Aliyenitatulia hilo ni mume wangu. Baba Shamim ni fundi viatu. Kwa wiki za kwanza alikuwa akitoka chumbani ninapobadilisha, na mimi nilimwacha atoke. Siku moja alirudi kuchukua chaja, akasimama, akaangalia ninavyokata kwa mkasi wa kucha nikipindapinda. Akasema, "Mama Shamim, hivyo unapoteza mali." Akaleta kartoni ya boksi la viatu, akachukua kipimo cha stoma kwa uzi bila kuigusa, akachora duara ambalo si duara, kwa sababu stoma yangu ni yai kidogo upande mmoja, akakata, akaijaribu, akapunguza. Kile kipande cha kartoni ninacho mpaka leo, kimeandikwa tarehe kwa kalamu ya wino, na kila baada ya muda anakipima upya. Sasa anakata vibandiko boksi zima mara moja, Jumapili, akisikiliza mpira. Hatujawahi kukaa chini kuzungumza kuhusu mwili wangu na ugonjwa kama wanavyoshauri washauri nasaha. Anakata vibandiko.

Kusafisha ni maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Sabuni zenye mafuta acha, losheni acha, vaselini acha kabisa, gundi haitashika. Kausha kwa kugusagusa. Kabla ya kubandika, weka kibandiko kwapani dakika chache kipate joto, na ukishabandika shikilia kwa kiganja kama dakika moja. Stoma ikitoka damu kidogo ukipangusa, usipige kelele, ngozi ya stoma ni laini kama ya ndani ya shavu. Haina maumivu pia. Ukiigusa hutasikia uchungu, na kwa sababu hiyo hutajua ukiikwaruza kwa kibandiko kilichobana. Rangi iwe nyekundu au waridi. Ikigeuka zambarau iliyoiva au nyeusi, hapo hakuna cha kuuliza kikundi cha WhatsApp, panda gari uende hospitali.

Mwaga mfuko ukifika theluthi. Ukingoja ujae, uzito unavuta gundi. Choo cha shimo kina shida yake, kwa sababu kuchuchumaa na mfuko unaoning'inia ni mazingaombwe. Mimi nasimama, nakinga kopo la kilo mbili lililokuwa la rangi, namwaga humo kwanza, halafu shimoni, nasuuza mdomo wa mfuko kwa chupa ya maji. Kile kiduara cheusi cha juu ni chujio la makaa ya kupitisha hewa na kuzuia harufu. Kikilowa hakifanyi kazi tena, kwa hiyo ukioga kizibe kwa kile kistika kinachokuja ndani ya boksi. Watengenezaji wanasema mfuko usifuliwe ukarudiwa. Mifuko ya vipande viwili naifua, naianika kivulini, naivaa tena mara moja tu, basi. Wao hawajaona bei za Busia.

Harufu: mfuko ukiwa umefungika vizuri hakuna anayesikia, hata aliyekaa ubavuni mwako kwenye teksi. Harufu ikisikika, kuna mahali pamefunguka, usijidanganye kwamba ni hofu yako. Wakati wa kumwaga ndipo chakula kinajitangaza. Mukene, wale dagaa, ni balaa. Mayai pia, kwa hiyo roleksi ya asubuhi, chapati iliyoviringishwa na mayai, nimeiachia wanangu siku za safari. Maharage na kabichi vinaleta hewa mpaka mfuko unasimama kama puto. Matoke na posho, yaani ugali, havina neno. Maziwa mgando yananisaidia. Haya ni ya tumbo langu, lako lijaribu kimoja kimoja.

Kuhusu swala, nilimwendea shehe wetu nikiwa nimejifunika kitambaa kana kwamba naenda kuiba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mimi ni mwenye udhuru: wakati wa swala ukiingia, nimwage mfuko, nitawadhe, niswali, na kinachotoka nikiwa ndani ya swala hakinibatilishii. Swala inayofuata natawadha upya. Aliongeza kwamba sujudi ikiniumiza niswali kwa kukaa. Sikutaka kukaa, ndiyo maana Ramadhani nzima nilitumia wa kipande kimoja.

Mambo mawili ambayo hayamo kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Hamu ya kwenda haja kwa njia ya zamani haiishi mara moja. Njia imeshonwa, haipo, na bado mwili unakwambia nenda. Nilidhani nachanganyikiwa, kumbe mishipa ya fahamu ina kumbukumbu yake, na ni kawaida. La pili ni kukaa. Kidonda cha chini kinachukua miezi, na watu watakuletea ule mto wa duara wenye tundu katikati. Uache, unavuta mshono kwa pande zote mbili. Kalia mto laini usio na tundu, na badilisha upande.

Pesa. Kwa bei ya kibandiko kimoja na mfuko wake nalisha nyumba yangu siku nzima, na hiyo ndiyo gharama ya kweli ya ugonjwa huu baada ya hospitali kumalizana na wewe. Nanunua Kampala ninapoenda kliniki, ama Wandegeya karibu na Mulago, ama kwenye maduka ya jumla ya dawa William Street, ambako ukichukua boksi badala ya mmoja mmoja wanashuka. Upande wa Kenya pia ipo, na kwa sisi wa mpakani ni kuvuka tu, lakini pima kwanza ubadilishaji wa pesa wa siku hiyo. Ukinunua vipande viwili, ringi ya kibandiko na ya mfuko lazima ziwe za kampuni moja na milimita zile zile. Duka moja liliniuzia kibandiko cha 57 na mfuko wa 60 wakaniapia vinaingiliana. Haviingiliani.

Angalia na tarehe ya mwisho. Gundi iliyozeeka inabandika asubuhi, adhuhuri inateleza. Joto linaifanya hivyo hata kabla ya tarehe, kwa hiyo mifuko isikae chini ya bati wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Yangu ipo kwenye sanduku chini ya kitanda, sakafuni, mahali pa baridi kuliko pote ndani ya nyumba.

Ukiniuliza ninunue upi kwa pesa ya aina moja tu, nitakwambia kama kazi yako ni ya kusimama au kukaa, chukua vipande viwili. Kama unalima, unafua, unasujudu, au una ndugu wa kuozesha, chukua kipande kimoja chenye mdomo wa velkro, na pakiti moja ya ule unga wa stoma kwa siku ngozi ikiwaka. Nyunyiza kidogo tu, pangusa uliozidi, ndipo ubandike. Wanaume wenye malaika tumboni wanyoe kwanza, kuelekea nje, mbali na stoma. Mzee mmoja kliniki alibandua bila kunyoa na tulimsikia kutoka korido ya pili.